Mvumo wa Mzinga Mtupu

Debe tupu haliachi kuvuma, husema watu. Waongo. Mizinga ya baba ilivuma ikiwa imejaa. Alipokufa nyuki wakahama, ikabaki mitupu, kimya kama ukuta.

Nikaitundika yote ukumbini kwa kamba, magogo yaliyotobolewa, kila moja na spika tumboni. Onyesho zima lilisimama juu ya rekodi moja: baba akifungua mzinga. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini alipowafungulia nyuki alivuma nao, mdomo ameufumba, sauti ileile yao, ili wasishtuke. Hatukubaki na sauti yake nyingine. Hata simu niliyorekodia ilimtangulia kufa.

"Baba si ngoma, upige watu wacheze," kaka yangu alisema tukikaza kamba.

"Mama ameomba kumsikia."

"Haya. Ukimliza bure, utanijua."

Alasiri ukumbi ukajaa. Mama alikaa mstari wa mbele, viatu amevua, macho amefumba. Taa zikapunguzwa. Nyuki wakaanza, mzinga hadi mzinga, kama kundi linalohama. Wazuri. Safi. Safi mno.

Nikamwendea fundi mitambo. Akaniinulia dole gumba.

"Uko wapi ule mvumo wa chini?" nikamnong'oneza.

"Nimeufuta, dada. Si ulikuwa wa umeme? Asubuhi nzima umenitoa jasho."

"Urudishe."

"Nimehifadhi juu ya rekodi ileile." Dole gumba likashuka. "Kwani ulikuwa nini?"

"Baba yangu."

Sikuwa na la kumlaumu. Masikio yake yamefunzwa kuwinda uchafu, na baba alivuma bila kupanda wala kushuka. Hata waya ungemwonea wivu.

Mama alikuwa bado anasubiri, kiganja nyuma ya sikio, ameuelekea mzinga mkubwa. Nikaufuata. Nikaingiza uso kwenye mdomo wake, kwenye harufu ya nta na moshi wa zamani, nikafumba midomo, nikavuma. Gogo likanipokea. Mvumo ukatoka mzito kuliko kifua changu, ukaketi chini ya nyuki, mahali pake.

Nilipotoa uso, kaka alikuwa ameshanishika mkono.

"Yule hakuwa baba. Ulikuwa wewe!"

"Rekodi imefutika."

"Ungesema imefutika! Mama amekuja kumsikia mumewe, wewe unamwekea koo lako? Muombe radhi. Hapahapa, nikiona."

Mama akafika, viatu mkononi. Akaligusa gogo, lililokuwa bado na joto la pumzi yangu.

"Baba yenu alikuwa akinyamaza kidogo katikati," alisema, "awasikilize na wao. Wewe umevuma mfululizo kama unayefukuzwa." Akamgeukia kaka. "Ulidhani nitampoteza mume wangu kwenye kelele?"

Watu walikuwa hawajainuka. Walidhani haya nayo ni sehemu ya onyesho.

"Rudia," mama akaniambia, akaketi sakafuni, chini kabisa ya mzinga. "Mara hii mwachie baba yako nafasi."

"Radhi kwanza," kaka akang'ang'ania.

"Siombi radhi," nikamwambia. "Si leo, si kesho. Sogea, umeziba mdomo wa mzinga."