Mama Akimana na Jina la Neno Moja

Jumatatu moja ya Agosti 2021, saa kumi na moja jioni, Dévote Habonimana alikuwa akimenya viazi jikoni kwake Fairfield mama yake alipoingia na kuketi. Mama huyo, Akimana, alizikwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla familia haijaletwa Sydney.

"Mwanangu, mnaniita mno," alisema akikanda miguu. "Leo nimefika mtaa wa Seven Hills mara tatu. Kule Rooty Hill, Mkenya mmoja kaniuliza kama nafaa kwa ngozi kavu."

Dévote alimmiminia chai. Kwa ajili ya korona, polisi walikuwa wakiwazuia watu kutoka mitaani mwao, lakini amri haikutaja marehemu.

Kanisa lilipofungwa, Dévote alianzisha kikundi cha sala mtandaoni, akakipa jina la mama yake, aliyefundisha nusu ya kambi kusali rozari. Tovuti ya kikundi aliitengeneza Venant, msimamizi wa ubatizo wa kifungua mimba wa Dévote, mmoja wa wanaume wanne waliobeba jeneza la Akimana.

"Weka neno moja tu, dada," alishauri Venant. "Neno moja halisahauliki."

Kweli halikusahaulika. Ila hakuna aliyejisumbua kuandika anwani nzima, nukta na herufi za mwisho. Waliandika Akimana, basi. Kivinjari hakikujua kama wanataka kufika mahali au wanauliza swali, kwa hiyo kilitafuta. Mwanzoni kilileta kila Akimana aliyepo duniani. Tangu Julai kilileta mafuta ya kujipaka yaitwayo Akimana. Na marehemu, kwa kuwa lilikuwa jina lake, aliitika kila lilipoandikwa.

Dévote alimpigia Venant.

"Hawa watu wa mafuta wamelipataje jina letu?"

Venant alikohoa. "Niliwauzia, dada. Nyinyi mnasali tu. Mungu anasikia kwa jina lolote."

"Mama yupo hapa. Miguu imemvimba."

"Msalimie sana. Lakini mimi niliuza neno, mama sikumgusa. Na saini nimeshatia."

Dévote alisali novena, sala ya siku tisa. Siku ya tatu mama alikuja, akanywa chai nusu kikombe, akaitwa Blacktown. Siku ya sita alipita dirishani akapunga mkono bila kusimama. Siku ya tisa hakuja. Venant aliendelea kusoma somo la kwanza kila Jumapili, kwa sauti yake nzuri, na kikundi kilimjibu, "Tumshukuru Mungu."

Oktoba, mafuta yakinunuliwa sana, Dévote alifanya ishara ya msalaba, akaandika jina la mama yake kwenye simu. Hakuwa na njia nyingine ya kumwita.

Mama alibisha hodi kabla ukurasa haujafunguka. Alivaa aproni ya kampuni ya mafuta hayo, na kwenye aproni lilishonwa jina lake.

"Habari za leo, mteja," alisema, akimtazama kwa upole kama anavyotazamwa mgeni. "Unapenda chupa ndogo au kubwa?"

"Ndogo, Mama," alijibu Dévote, akanyoosha mkono apakwe.