Kofia ya Nta

Kuna watu wakiibiwa hulia, wengine hukimbilia polisi. Fundi Meno yeye aliwasha taa yake ya spiriti akaanza kuyeyusha nta.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika chumba cha nyuma cha kliniki, penye harufu ya plasta mbichi na dirisha linalotazama mapipa ya taka. Jino la bandia huchongwa kwanza kwa nta, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba vibogoyo wa mtaa mzima walikuwa wakitafuna nyama kwa hisani yake. Ila asubuhi ile hakuchonga jino. Alichonga kofia ndogo ya vita, ya kukaa kichwani mwa dinosaria mwenye pembe tatu, na kila alipokwangua alikuwa akisema peke yake, "Utanitambua, shemeji. Safari hii utanitambua."

Tuelewane hapa, maana najua wapo watakaocheka. Mtu mzima na midoli ya dinosaria? Ndiyo, na mtu asimwingilie. Wala si hii midoli ya juzi inayomwagwa chini pembeni mwa barabara. Ni ile ya zamani, iliyokuja na vikorombwezo vyake: tandiko la mgongoni, hatamu, ngao, kofia. Wakusanyaji watakwambia dinosaria wenyewe wapo tele, vikorombwezo ndivyo vinavyogombanisha watu. Vilikuwa vidogo, watoto walivimeza, mama zao wakafagia vilivyobaki. Dinosaria asiye na tandiko, kwao, ni bwana harusi aliyefika bila suruali.

Marehemu baba yake, dereva wa lori, alimletea huyo wa pembe tatu alipokuwa mdogo, tandiko lake likiwa mgongoni. Mstari mwekundu wa ukingoni ulipofutika kwa kuchezewa, baba alichukua rangi ya kucha ya mama bila kuomba, akampakata binti yake na kuuchora upya, ulimi nje kama mtoto wa shule. Mkono wa dereva si mkono wa mchoraji. Mstari ulikwenda upogo, na duniani hapakuwa na tandiko jingine lenye mstari ule.

Siku ya msiba wa baba tandiko likapotea. Nyumba ilijaa watu, viti vya kukodi mpaka nje, na aliyejitolea kupanga vitu chumbani kwa marehemu alikuwa mume wa mdogo wake, bwana mmoja ambaye kila mtu alimwita Kizibao, kwa sababu hata jua liwake namna gani kizibao hakivui. Kizibao naye ni mkusanyaji, tena mwenye makuu. Miezi ikapita. Kwenye kikao cha chama cha wakusanyaji akafungua sanduku lake mbele ya Fundi Meno na wenzake, na lo! tandiko hilo hapo, mstari upogo na yote.

"Nimelipata sokoni," alisema, bila hata kupepesa macho.

Fundi Meno alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Lakini angethibitisha vipi? Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta anakunja mashuka.

"Mumeo ameniibia."

"Dada, achana na hilo jambo. Ni kiplastiki tu."

"Kiplastiki cha baba!"

"Kwani baba alikuwa wako peke yako?" mdogo wake alijibu, akaendelea kukunja mashuka yake, hakuinua uso.

Mke akimtetea mume, nani wa kumlaumu? Fundi Meno aliondoka akisonya. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na shemeji ni nguo ya ndani kabisa. Tangu siku hiyo hakula vizuri wala hakulala vizuri. Alitaka tandiko lirudi, ndiyo, lakini zaidi ya hapo alitaka Kizibao aumbuke mbele za watu, aumbuke mpaka kile kizibao kimwonee haya.

Sasa, Kizibao alikuwa na upungufu mmoja na mazoea mawili. Upungufu: dinosaria wake wa pembe tatu hakuwa na kofia, na aliitafuta kofia hiyo kama mtu anayetafuta dawa. Mazoea ya kwanza: hashiki kitu chochote cha zamani bila glavu za pamba, eti jasho linaharibu plastiki. Na mwenye glavu hajui anachokishika, kama ni plastiki, mfupa au nta. Mazoea ya pili: kikorombwezo kikiwa kimepinda, hukitumbukiza kwenye maji ya moto mbele ya wanachama wote, kisha hukinyoosha huku akitoa mhadhara. Wakusanyaji wengi hunyoosha hivyo, lakini kwake ilikuwa ibada.

Basi Fundi Meno alichonga kofia kwa nta ile ngumu ya kazini, akaitia rangi, akaipaka vanishi, akaikwaruza kidogo ili izeeke. Mwisho akaipinda, kidogo tu. Akampelekea muuza vikuukuu mmoja sokoni, mzee aliyewahi kuitwa tapeli na Kizibao mbele ya wateja wake.

"Akiniuliza nimeitoa wapi?" mzee aliuliza, tayari anacheka.

"Hatauliza. Mwenye tamaa hujijibu mwenyewe."

Na Kizibao hakuuliza; aliinunua kofia papo hapo. Wiki hiyohiyo wanachama wote walialikwa sebuleni kwake. Palikuwa na mwoka mikate, mfamasia, na wengine walioketi mpaka kwenye mikono ya makochi. Dinosaria alisimama mezani amepigwa brashi, anang'aa. Mbele yake bakuli la kioo. Mdogo wake Fundi Meno alitoka jikoni na birika la maji ya moto, akalijaza bakuli hadi mvuke ukampanda usoni.

"Ndugu zangu," Kizibao alianza, akivuta glavu zake, "plastiki halisi haiogopi maji ya moto. Feki ndizo zinazojiumbua."

Fundi Meno alijiuma mdomo asicheke. Sema, shemeji, sema tena kwa sauti!

"Na tandiko nalo mshipi wake umejikunja," Kizibao akaongeza, akilichomoa sandukuni. "Tutavichovya pamoja, nimvishe mnyama wangu kila kitu kwa mkupuo."

Hilo halikuwa kwenye hesabu za Fundi Meno. Nta ikiyeyuka itagandia kwenye tandiko, na kuibandua bila kung'oa ile rangi ya kucha ni muujiza. Aliona mkono wenye glavu ukishuka. Neno moja lilitosha: ngoja. Lakini akisema ngoja, Kizibao atanusa mtego na kupona, na kofia inarudi mfukoni na heshima yake yote. Fundi Meno alifunga mdomo, akaviangalia vyote viwili vikizama.

Kofia ililegea. Ikainama kama mlevi, ikapoteza umbo lake, kisha haikuwepo. Juu ya maji palielea mafuta ya kijivu.

"Mtaalamu wetu," mwoka mikate alisema taratibu, "hapo umetupikia supu?"

Sebule ililipuka. Mfamasia alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kizibao alivua glavu, akatumbukiza vidole kwenye maji ya moto, akapiga yowe, akatoa tandiko likiwa limevaa utando wa nta. Akaanza kulikwangua kwa kisu kidogo, na mstari mwekundu ukabanduka pamoja na nta, mzima mzima, ukadondoka kwenye zulia.

"Siku za mwizi ni arobaini!" Fundi Meno alisimama, sauti imempanda. "Ulilichukua chumbani kwa baba siku ya msiba, leo limekutapika mbele za watu. Mtaalamu! Waambie tena ulilipata sokoni!"

Kicheko kilikatika. Kizibao alimtazama mkewe, vidole vimeiva wekundu, kisha akatazama chini. Wageni wakaanza kukumbuka shughuli zao, wakatoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri.

Mdogo wake aliweka birika mezani.

"Hakuiba," alisema. "Nililichukua mimi, nikampa anitunzie. Nikamwomba aseme sokoni kwa sababu nilikuogopa wewe. Saa ya baba ulichukua, albamu ulichukua, mpaka kiti chake ukapakia garini. Mimi nilibakiwa na nini?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe?" Mdogo wake alicheka kidogo, bila furaha. "Haya, niambie kitu kimoja tu. Kwenye chumba hiki nani mwingine anashinda na nta? Nilikuwa nakuangalia, dada. Uliliona tandiko linaingia kwenye maji. Uliliona, ukanyamaza."

Moyoni Fundi Meno bado alikuwa na hasira, ila sasa hakujua aielekeze kwa nani.

"Nililiona," alisema mwishowe. Akanyoosha mkono. "Nipe, nitalisafisha."

Mdogo wake alilichukua tandiko mkononi mwa mumewe, akalitia mfukoni mwa aproni, akaenda kumfungulia dada yake mlango wa kutokea.