Shahada ya Tarumbeta Kwenye Mizani ya Parachichi

Usiku wa kuamkia leo niliota mizani ya parachichi imeingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Ilikuwa ile kubwa ya chuma ya pale kituoni Tukuyu, tunapouzia mavuno. Ikaegemea beseni la vyombo, ikasema imekuja kupima shahada.

"Shahada gani?" nikauliza.

"Ya muziki. Ya binti yako Sekela. Si wewe ndiye mdhamini?"

Nikachoka papo hapo. Wiki nzima nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Sekela, anayepuliza tarumbeta kanisani tangu darasa la sita, alikuwa amepata nafasi chuoni. Baba yake, Ambakisye, alitaka asome uhasibu. Mimi nilikuwa nimeapa sitatia sahihi kwenye fomu ya mdhamini mpaka mtu anieleze huyo mtoto ataishije.

"Gharama zipande," mizani ikasema.

Zikaingia kwa mstari, kama watu wa msibani. Ada ya miaka mitatu ilibeba mto wa kulalia. Hosteli ilikuja na kunguni wake. Chakula kikauliza kama kuna chai.

"Kilo mia tatu na kumi. Shukeni. Sasa mapato yapande."

Hakuna aliyepanda.

Natazama, jiko halipo. Tumo ukumbini, kwenye harusi ya watu nisiowajua, nami bado nimeshika mwiko. Mshereheshaji anatangaza kuwasili kwa Mhitimu wa Wastani. Anaingia mwanamume aliyevaa suti ya mkono mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mapato?"

"Mimi ni wastani wake. Nina kazi moja na robo."

"Unapata kiasi gani?"

"Milioni moja kwa mwezi."

Nikashusha pumzi. "Mbona si haba!"

"Sijawahi kuiona," akasema kwa upole. "Tulihitimu ishirini. Mmoja anapata milioni ishirini. Gawanya."

"Na wale kumi na tisa?"

"Ndio walionituma."

Akapanda. Mshale ukaenda juu, ukarudi chini, ukaenda juu tena.

"Hasomeki," mizani ikasema. "Inategemea na siku."

Hasira zikanipanda. "Mizani gani wewe! Parachichi unalijua mpaka gramu, mtoto wa watu anakushinda?"

"Usinifokee, Mama Sekela. Nipe mfano wa karibu. Wewe ulisomea nini?"

"Uhazili. Miaka miwili."

"Na sasa unafanya kazi gani?"

"Nashona sare za shule."

"Ada alilipa nani?"

"Baba yangu. Aliuza ng'ombe wawili."

"Alikudai?"

Baba hakuwahi kunidai. Koti la kwanza nililomshonea, mkono mmoja ulizidi mwingine, na alilivaa kanisani miaka kumi na moja.

Ukumbi sasa ni chumba changu cha kushonea. Sekela amesimama katikati ya vitambaa na tarumbeta lake.

"Mama, nikisoma uhasibu nitaajiriwa?"

"Sijui."

"Nikisoma muziki?"

"Sijui, mwanangu! Kwa nini kila mtu ananiuliza mimi?"

"Kwa sababu fomu ina jina lako," akasema.

Tarumbeta likajimwaga mate sakafuni kwangu, tena mbele ya macho yangu. "Mimi najua neno moja tu," likasema. "Dirisha la udahili linafungwa leo saa sita."

Na kweli, dirisha la chumba likaanza kujifunga, taratibu, likimsukuma Sekela aliyekuwa amelikaribia. Nikapapasa meza kutafuta kalamu. Kalamu zote zikanijibu kwamba ziko likizo. Nikanyakua chaki ya fundi, ile ya bluu, nikatia sahihi kwenye fomu kwa nguvu mpaka ncha ikavunjika.

"Haya! Mmeridhika?"

Mizani ilikuwa inapima maparachichi ya mtu mwingine.

Nikaamka. Jua lilishatoka, na Ambakisye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai.

"Ulikuwa unamgombeza nani? Umepiga kelele, 'Mmeridhika?'"

Nikaenda sebuleni, fomu ilipokuwa. Kwenye mstari wa mdhamini palikuwa na sahihi yangu, kubwa, ya chaki ya bluu.

Ambakisye akaja nyuma yangu, akaitazama. "Hiyo inafutika," akasema. "Kwa kidole tu."

"Najua."

Nikachukua kalamu kwenye mfuko wa shati lake. Nikapitisha wino juu ya chaki, herufi baada ya herufi, nikapuliza vumbi, kisha nikamwita Sekela.