Cheche Sakafuni

Cheche aliwaambia wenzake wa karakana kwamba anatembea. Kwa fimbo, lakini anatembea. Aliwaambia kwa simu, akiwa amelala kitandani, miguu yake chini ya shuka kama ya mtu mwingine. Kipara, ambaye walichomelea vyuma pamoja tangu ujana, alishangilia hadi simu ikakwaruza.

"Safi sana, kaka! Ukikaa sawa, pitia hapa tukuone."

Cheche akasema atapita. Baadaye akasingizia safari, akasingizia chaji, mwishowe akawa hapokei kabisa.

Ukweli ni kwamba tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, hakuhisi kitu chini ya kitovu. Mkewe ndiye aliyemwogesha na kumbadilishia mfuko wa mkojo. Na mkewe huyo huyo ndiye aliyeleta habari za yoga.

"Yoga?" Cheche aling'aka. "Ile ya kujikunja kama nyoka? Mimi nitakunja nini?"

"Utakunja hicho kiburi," mkewe akamjibu, huku akimfunga kamba za viatu.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa mtaa, viti vya plastiki vimerundikwa pembeni. Mwalimu, muuguzi mstaafu asiye na haraka, alimfundisha kila mtu kwa jinsi alivyo. Bibi mmoja aliyepatwa na kiharusi alitumia mkono mzima kuubeba ule uliolala. Cheche alishushwa kwenye mkeka na shemeji yake, kaka wa mkewe, akawekewa blanketi chini ya magoti na mkanda mapajani ili miguu isitawanyike.

"Vuta pumzi," mwalimu alisema. "Ishushe mpaka kwenye nyayo."

"Huko hakuna mtu, mwalimu," Cheche akasema. Bibi akaangua kicheko.

Lakini pumzi aliivuta. Kadiri alivyohudhuria, misuli iliyokuwa ikimkakamaa ikaanza kulegea, akapata usingizi, akaacha kuwafokea wanawe. Hakumwambia mtu yeyote.

Siku moja, wakiwa wamelala kimya wamefumba macho, mlango ulifunguliwa.

"Samahani jamani, tunaomba umeme kidogo. Tunafunga grili za madirisha."

Sauti ya Kipara. Cheche akavuta taulo akajifunika uso. Lakini mikono ilibaki nje, na makovu yake ya moto yalijulikana karakana nzima. Hatua zikasogea, zikasimama karibu na kichwa chake, kisha zikaendelea hadi kwenye soketi. Kipara akachomeka waya, akatoka. Chini ya taulo uso ulimwaka Cheche. Alitamani ardhi immeze, ila ardhini ndiko alikokuwa amelala tayari.

Darasa likaisha. Shemeji alikuwa ametoka kushughulikia gari na hajarudi. Kabla Cheche hajamzuia, mwalimu alishafika mlangoni.

"Vijana, hebu nisaidieni kumwinua mwenzetu."

Kipara akaingia na fundi mwingine. Walipomnyanyua, mfuko ulinasa kwenye mkanda, mpira ukachomoka, mkojo ukamwagikia buti za Kipara. Bibi aligeukia ukutani.

"Mshike kiuno," Kipara alimwambia mwenzake. "Pole pole."

Wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Cheche aliongea akiangalia mapaja yake yaliyolowa.

"Nilikwambia natembea."

"Uliniambia."

"Sitembei, Kipara."

"Najua, kaka. Mkeo alitueleza tangu ulipotoka hospitali."

"Na ukanishangilia?"

"Ulitaka nifanyeje? Nikuite mwongo kwenye simu?"

Hilo lilimchoma kuliko mkojo. Kumbe karakana nzima ilikuwa ikishangilia fimbo isiyokuwepo, kisha watu wanarudi kwenye vyuma vyao kimya kimya. Alidhani anawaficha, na wao ndio waliokuwa wakimsitiri.

Nyumbani alimgeuzia mkewe kibao. "Uliwaambia!"

"Niliwaambia. Wanauliza hali yako kila siku. Nami nina mdomo mmoja tu, baba watoto, hautoshi uongo wako na wangu."

Hakula siku hiyo. Darasa lilipofika tena alisema tumbo linamsumbua, lakini Kipara alishafika, shati safi, akambeba hadi kwenye gari bila kuomba ruhusa. Njia nzima Cheche hakumtazama wala hakumsemesha.

Ukumbini mwalimu hakutaka mtazamaji. Alimlaza Kipara kwenye mkeka wa jirani na kumwamuru avute pumzi kama wengine. Kipara, mwenye kifua kilichojaa moshi wa miaka yote, alivuta, akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Darasa zima likacheka.

Cheche alikuwa amegeuzia uso ukutani, aibu bado inamtambaa shingoni.

"Taratibu, kaka," alisema bila kugeuka. "Toa kwanza yote iliyomo, ndipo uvute."

Nyuma yake akasikia Kipara akiitoa.