Nyuma ya Fomu

Amou alikuwa na miaka sita alipofunzwa kumwita babake mzazi "baba mdogo".

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa bawabu wa misheni Lodwar, nikajua kusoma nikiwa na miaka arobaini, kwenye kisomo cha usiku. Mwaka 2012 nilikuwa na meza Kakuma, chini ya kipande cha bati, nikiwajazia wakimbizi fomu za kuhamia ng'ambo. Waliniita Mwalimu. Jina hilo lilinishibisha siku ambazo hapakuwa na chakula.

"Baba wa watoto ni nani?" nilimuuliza mwanamume aliyeketi mbele yangu.

"Madut," Jok akajibu bila kusita.

Madut alikuwa kakake, aliyekufa vitani bila mtoto. Kwa desturi ya Wadinka, Jok alimchukua mjane, Ayak, akamzalia marehemu watoto watatu, Amou akiwa mmoja wao. Damu ya Jok, jina la Madut. Hata kwetu Waturkana mjane hurithiwa, kwa hiyo sikuona ajabu.

"Andika mzuri, Mwalimu," Ayak akanitania. "Usitupeleke Namoruputh, kule jangwani. Sisi nataka Kanada."

Tukacheka. Penye uhusiano wa Jok na watoto, nikaandika: baba mdogo. Nafasi ya maelezo ilikuwa nyuma. Niliiacha tupu. Karatasi safi ilikuwa fahari yangu.

Majibu yalitoka Machi iliyofuata. Mjane na mayatima watatu wamekubaliwa. Shemeji abaki.

Nilikimbilia ofisini pamoja na Jok, kofia mkononi, nikaeleza yote. Afisa alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, mbona hukuandika haya? Sasa tukifungua faili upya, wote wanarudi nyuma ya foleni. Miaka, pengine. Na wakati wa safari, mtoto akimwita huyu baba, maswali yataanza tena."

Jok alinishika bega. "Wacha, Mwalimu. Watoto naenda. Njia ya halali iko hii moja tu."

Wiki mbili Ayak aliwafundisha watoto neno lile, jioni baada ya uji.

Siku ya ndege vumbi lilikuwa jingi. Amou alipita mbele ya maafisa, akageuka kwenye ua wa waya.

"Kwaheri, baba mdogo!"

"Kwaheri, mtoto ya ndugu yangu," Jok akajibu.

Tulirudi kambini kwa miguu. Kwenye laga kavu, mto ukiwa mchanga mtupu, akaniuliza kama ile nafasi ya maelezo ilikuwa kubwa.

"Ndogo," nikamwambia. "Ndogo sana."

Ilikuwa ukurasa mzima.