Nyumba ya Kuzalia Aliyoitoa Faradji

Mwaka aliofia Nuru, baba yake, Faradji, alikuwa ndiye mwenye mali kuliko wote katika mtaa wa Waislamu wa Kasongo. Kamio zake mbili, malori ya mizigo, zilikwenda Wamaza na Kabambare kuchukua mchele na mawese, na duka lake lilikuwa limeezekwa bati jipya. Nuru alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua, kamio zote zikiwa safarini, wakambeba kwenye tipoi, kiti cha kubebwa mabegani, kumpeleka hospitali ya serikali iliyokuwa upande wa pili wa mji. Hawakufika. Walirudi naye amefunikwa, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Mwanvua, mama yake Nuru, alingoja mpaka arobaini ilipokwisha. Ndipo akamwambia mumewe anataka kitu kimoja tu: nyumba ya kuzalia, hapo hapo mtaani, ili mwanamke mwingine asibebwe mvuani. Faradji akakubali kabla hajamaliza kusema.

Kilichomkwamisha ni kodi. Watu wengi walilipa kodi ya kichwa wakamalizana na Bulamatari, serikali ya Wazungu. Yeye, kwa ukubwa wa biashara yake, alitozwa kwa faida, pamoja na Wazungu wenye maduka. Na kodi hiyo ilipanda kama ngazi. Kadiri faida ilivyokuwa kubwa ndivyo fungu la serikali lilivyozidi. Akijenga kwa mkono wake mwenyewe, serikali ingehesabu kwamba fedha ile ameila, ingemtoza kwanza, na kilichobaki kisingetosha hata kuta.

Akamwendea Hippolyte, karani katika ofisi ya kodi, Mkristo wa Lusangi ambaye walikuwa wakicheza mpira pamoja ujanani. Hippolyte alimweleza kwa upole. Sheria ilikuwa na mlango: fedha anayoitoa mtu kwa chama cha huruma kinachotambuliwa na serikali huondolewa kwenye faida yake kabla ya kutozwa. Kamati ya msikiti haikutambuliwa, na ombi lake lilikuwa limelala ofisini miaka mingi. Hapo mjini kilikuwapo chama kimoja tu cha namna hiyo, Chama cha Msaada wa Mama, cha wake wa Wazungu.

Faradji alilipima jambo hilo kwa siku nyingi. Hakuwa mchoyo, na hilo hata waliokuja kumlaumu baadaye walilikubali. Aliona tu kwamba akipitia mlango ule, kile ambacho kingekwenda kwa Bulamatari kingeongeza chumba cha pili na vitanda vya chuma. Alimweleza Mwanvua, naye akauliza kama wanawake wa mtaani wataingia. Akamjibu kwamba nyumba inajengwa kwa ajili yao, nani atawazuia?

Madame aliyeongoza chama alimpokea barazani, akampa kahawa. Faradji akaomba liandikwe neno moja, kwamba nyumba itapokea wanawake wote, wa dini yoyote. Madame hakukataa. Ni Hippolyte, aliyekuja kutafsiri, ambaye baadaye alimvuta pembeni.

"Faradji, ukiweka sharti, ile haiko tena zawadi mbele ya sheria. Watasema unajinunulia kitu. Watakutoza yote."

"Na nisipoweka?"

"Usipoweka, iko zawadi. Lakini iko yao."

Mafundi wa matofali walikuwa wamekwisha kuagizwa, na Madame alikuwa mwanamke mpole, mwenye watoto. Faradji akasema lile neno liondolewe. Akatia sahihi zawadi ya kiwanja na ya ujenzi, pamoja na ahadi ya kuitunza nyumba kila mwaka.

Ikajengwa vizuri. Siku ya kuifungua kuliimbwa, na msimamizi wa teritware, mkuu wa serikali wilayani, akampa Faradji mkono mbele ya watu. Mwanvua alipita chumba kwa chumba akigusa vitanda, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mumewe alimsikia akizungumza na majirani kwa sauti yake ya zamani.

Mwaka uliofuata Madame mpole alirudi Ulaya na mumewe, akaja mwingine. Huyo alitaka utaratibu. Mwanamke apokelewe akiwa na cheti cha ndoa, cha kanisa au cha serikali. Chama, alisema, hakiwezi kutunza uzinzi. Wanawake wa mtaani walikuwa wameozeshwa na shehe, mbele ya wazee, bila karatasi. Wakaacha kwenda, mmoja baada ya mwingine.

Waridi hakulijua hilo. Alikuwa mke wa Zuberi mshonaji, mimba yake ya kwanza, amekuja mtaani karibuni kutoka Salamabila. Alipelekwa mchana kweupe, maji yamekwisha kumwagika. Muuguzi, mtu wa kutumwa tu, alimuomba cheti, akamwambia mumewe akimbilie kwa msimamizi kutafuta cheti. Zuberi akakimbia. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya mchana. Mtu alikuja kumwita Mwanvua, naye alipofika alimkuta Waridi kwenye saruji ya baraza, nje ya mlango uliofungwa. Alimzalisha pale pale, kwa kanga yake mwenyewe. Waridi alipona. Mtoto hakulia.

Faradji alikwenda kwa Madame mpya siku hiyo hiyo. Hakupandisha sauti. Alisema nyumba ile aliijenga kwa ajili ya wanawake kama yule. Madame alimjibu, kupitia kwa Hippolyte, kwamba anasikitika, kwamba chama kinamshukuru daima kwa zawadi yake, na kwamba zawadi ni zawadi. Akaongeza kuwa wanawake wanaokuja ni wachache mno, na chama kinafikiri kuifanya nyumba ya wageni wa serikali wanaopita.

Faradji aliuliza kama anaweza kuinunua. Haikuwezekana, mali ya chama haiuzwi kwa mtu binafsi. Shehe naye hakuwa na la kumsaidia. Hapo mtaani lilikuwa limekwisha kuenea neno kwamba Faradji aliwapa Wazungu nyumba ya wanawake ili asilipe kodi. Alijaribu kueleza dukani mara moja, mbele ya wanunuzi, akaona maelezo yake yote ni kweli na hayabadilishi kitu. Akayaacha katikati.

Kodi za mwaka zilipofika, Hippolyte alimjia nyumbani, akavua kofia, akamkumbusha kwamba ahadi yake ya matunzo bado inampunguzia kodi. Itakuwa kupoteza bure asipoitaja.

"Andika sikutoa kitu," Faradji akasema.

"Lakini ulitoa, ndugu yangu. Na chama kitakudai kile ulichoahidi, utaje usitaje. Utalipa mara mbili."

"Andika vile."

Hippolyte akaandika. Kamio moja iliuzwa kwa ajili hiyo, na ile iliyobaki ilizeeka haraka kwa kufanya kazi ya mbili. Biashara ilipungua mpaka Faradji hakuwa tena miongoni mwa wanaotozwa kwa faida. Baada ya miaka miwili alirudi kwenye kodi ya kichwa kama jirani zake, na hakuna aliyemhesabia hilo kuwa jema wala baya.

Mwanvua hakumlaumu hata siku moja. Alipokwenda sokoni alipita njia ya nyuma, iliyo ndefu, yenye matope. Mumewe aliliona hilo. Katika baraza ya nyumba ile waliweka viti vya kulalia, na jioni wageni wa serikali walikaa pale wakinywa bia, miguu juu ya ukuta. Mwanamke mtaani akishikwa na uchungu, walimbeba kwenye tipoi kwenda hospitali ya upande wa pili, wakaipita nyumba ile.