Hitima ya Wanti

Kama kuna mtu katika mji mzima wa Klaten, kule Java, aliyekipigia debe kitabu cha kusomwa kwenye simu, basi ni Darmaji, au Aji kama mtaa ulivyomwita. Mwandishi huyu wa riwaya za mapenzi alikuwa amechoshwa na mchwa, na mafuriko, na wezi wanaonakili vitabu vya wenzao na kuvitandaza kando ya barabara. Alipopata kampuni ya kuviweka vyake kwenye simu, alijigamba kama mtu aliyepata mkwe tajiri. "Karatasi zama zake zimepita," alimwambia kila aliyekubali kusimama.

Jirani yake, Mama Tukinem, alisimama. Binti yake Wanti alikwenda Malesia kufanya kazi za ndani, akawa anapiga simu, kisha kimya cha miaka. Mtaa mzima ulikuwa na mawazo yake juu ya kimya kile, lakini hakuna aliyethubutu kuyasema. Mama hakusoma hitima, maana hakuwa na maiti wala habari. Aji, kwa kumwonea huruma, ndiye aliyemtia Wanti katika riwaya, kwa jina lake hasa, na mwishoni akamrudisha nyumbani: anashuka basi na sanduku jekundu, na mamaye anamgombeza kwa kukonda. Mama Tukinem aliisoma sura ile mpaka kurasa zikalegea. Macho yake yalipoingia ukungu, Aji akamwekea kitabu kwenye simu, herufi kubwa kama maharage. Ile nakala ya karatasi, iliyoliwa na mchwa, Aji akaitupa mwenyewe.

Kisha mwezi uliopita akapiga simu Vania, mhariri wa kampuni kule Jakarta.

"Mzee Aji, mwisho wako mtamu mno. Watu siku hizi wanataka kulia. Huyu binti afe."

"Afe?"

"Afe vizuri tu, Mzee."

Aji akamuua mchana mmoja, kati ya kikombe cha kahawa na kingine. Alichosahau, au alichojitia kusahau, ni kwamba kitabu cha simu kikibadilishwa huko kwenye kampuni hubadilika kila kilipo, hata mkononi mwa mama mzazi.

Leo alasiri ndipo Giyono, muuza tempe, vile vipande vya soya, alipomsimamisha njiani.

"Mbona huna kofia, bwana? Hitima ya Wanti si baada ya magharibi?"

"Hitima ya nani?"

"Acha utani wako! Si wewe uliyeleta habari?"

Aji akampigia Vania palepale barabarani: mwisho wa zamani urudishwe, leo hii.

"Lakini huu ndio unaouzika, Mzee!"

"Urudishe nimesema!"

Alipofika kwa Mama Tukinem, jiko lilijaa wanawake wakipindua apem, vile vitumbua vya hitima, na masinia ya wali yalikuwa yamekwisha pangwa. Mama Tukinem alivaa nyeupe. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko alivyowahi kuuona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Karibu, mwanangu. Nilijua utaona haya kuja."

"Mama, kile kitabu..."

"Usiseme. Kitabu hakijigeuzi chenyewe. Nilipoona mwisho si ule, nikajua Aji kapata habari, kashindwa kunikabili. Umefanya kiungwana. Mtu na adabu zake hampigi mwenzake usoni na habari kama hiyo." Akamshika mkono. "Unajua miaka yote hii nalala sijatia komeo? Nasema, je, akija usiku? Jana nimelitia. Nimelala mpaka adhana."

Aji alikwenda kuketi mkekani na wanaume wenzake, akajiambia kwamba usingizi wa mama huyu una thamani kuliko ukweli wa mtunzi. Hoja ilikuwa nzuri, ila haikumshuka kooni. Imamu alipoiombea roho ya Wanti na watu wote wakaitikia amina, yake ilikwama.

Simu ya mama ikatoa mlio wa ujumbe juu ya kabati.

"Hebu nitazamie, Aji," Mama Tukinem akaita kutoka mlango wa jikoni. "Mikono ina mafuta."

Aliusoma ujumbe akiwa amesimama: kitabu chako kimesahihishwa, sura ya mwisho ni mpya. Chini yake palikuwa na basi na sanduku jekundu. Angeweza kuufuta ujumbe ule kwa kidole. Lakini kesho mama angekifungua kitabu mwenyewe, akaamini kwamba imekuja habari nyingine, kwamba Wanti yu hai. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mama," akasema, mbele ya watu wote, "mimi sina habari yoyote ya Wanti. Sijapata kuwa nayo. Aliporudi nilitunga, na alipokufa nilitunga. Nilimuua ili kitabu kiuzike."

Imamu alishusha tasbihi. Giyono akatazama magoti yake. Mama Tukinem alikuja taratibu, akifuta mikono kwenye kanga, akapita masinia ya wali yaliyokuwa bado yanafuka moshi, akasimama karibu na mlango. Aliligusa komeo.

"Basi leo, mwanangu," akauliza, "nilitie au nisilitie?"